Kununua Gari la Misuli la Marekani Lililotumika: Mwongozo Kamili wa Kuamua

Anayetafuta gari la misuli la Marekani kwa kawaida huanza kwa kuuliza injini ina ukubwa gani na inatoa nguvu farasi ngapi. Swali hilo lina utamu wake, lakini ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote yatakayofuata. Injini ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya miaka ya 1960 ni chuma kinachofahamika vizuri. Vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa, na fundi mzoefu anaweza kuifumua na kuisuka upya kwa gharama inayokadirika. Bodi iliyoliwa na kutu, pamoja na karatasi zisizolingana na gari, ndivyo vinavyommaliza mnunuzi, kwa sababu gharama yake haikadiriki hata baada ya kazi kuanza. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa anayenunua akiwa Marekani, unatanguliza yale yanayoweza kukufanya uache kununua ukiwa bado umekaa nyumbani, na injini inakuja karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: amua ni gari la zama zipi

Kwa maana yake ya awali, gari la misuli lilikuwa gari la ukubwa wa kati, aghalabu la milango miwili, lililowekewa injini ya V8 iliyokusudiwa magari makubwa zaidi na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira angeimudu. Pontiac GTO ya 1964, iliyobeba injini ya inchi za ujazo 389, ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa zama hizo, na baada yake zikaja Chevrolet Chevelle SS, Dodge Charger, Plymouth Road Runner na nyingine nyingi. Wapenzi wakali wa istilahi watakwambia kwamba Ford Mustang, iliyozinduliwa Aprili 1964, na Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird za 1967 ni ukoo mwingine wa magari madogo zaidi. Wana haki, ingawa sokoni hakuna muuzaji atakayekupunguzia bei kwa hoja hiyo.

Kilele kilifikiwa mwaka 1970, pale Chevelle yenye injini ya 454 aina ya LS6 ilipotangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Mwaka uliofuata General Motors, kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac, ilipunguza mgandamizo wa injini zake ili zitumie petroli ya kiwango cha chini, na kufikia 1973 gharama za bima, sheria za hewa safi na mgogoro wa mafuta vilikuwa vimekwisha kuifunga sherehe hiyo. Katikati ya mambo hayo kuna badiliko moja linalowachanganya wanunuzi hadi leo. Hadi 1971 viwanda vilizoea kutangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa peke yake, bila feni, bila saileensa na bila vifaa vingine vinavyoilemea ndani ya gari; kuanzia 1972 vikatangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Kwa hiyo sehemu ya anguko unaloliona kati ya orodha ya 1971 na ya 1972 ni ya kwenye karatasi tu, na gari la 1972 ambalo wengi wanalikwepa kwa sababu ya namba hiyo linaweza kuwa nafuu kwa mtu anayetaka sura na sauti kuliko sifa ya kwenye orodha. Vilevile usilinganishe 450 za 1970 na 412 za Mustang GT ya 2011, kwa kuwa hizo 412 zimepimwa kwa njia ya pili, iliyo kali zaidi.

Kundi la pili ni la kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mengi ya magari hayo ni dhaifu na hayana sababu ya kukushughulisha, lakini yapo mawili ninayoyapendekeza kwa mwenye bajeti ndogo: Mustang ya 1987 hadi 1993 yenye injini ya lita 5.0, na Camaro au Firebird ya 1998 hadi 2002 yenye injini ya LS1. Yote mawili hayana kabureta, yana vipuri tele, na mafundi wanayajua.

Kundi la tatu ni la magari ya kisasa: Mustang iliyoanza na modeli ya 2005, Charger ya 2006, Challenger iliyorudi 2008 na Camaro iliyorudi 2010. Uzalishaji wa Challenger yenye injini ya V8 na wa Camaro ulikoma mwishoni mwa 2023, kwa hiyo anayeyataka leo hana njia ila kununua lililotumika.

Lipo pia gari lenye bodi ya zamani lililowekewa injini, breki na giaboksi vya kisasa. Likitengenezwa vizuri ndilo la raha kuliko yote. Ubora wake, hata hivyo, hauhusiani na kiwanda chochote. Unategemea mikono ya aliyelitengeneza, na kama muuzaji hana michoro ya nyaya, risiti za vifaa na jina la gereji iliyofanya kazi hiyo, basi unanunua fumbo.

Iwapo gari hili ndilo litakalokupeleka kazini kila siku, achana na yote ya kabla ya 1973. Mengi yana breki za drumu magurudumu yote manne, ambazo hulegea zikipata joto, na mengi ya kabla ya 1967 yana saketi moja tu ya mafuta ya breki, hivyo paipu moja ikipasuka breki zote huondoka kwa pamoja. Mikanda ya begani kwa viti vya mbele ikawa ya lazima kwa magari ya 1968. Mtu anaweza kukubali hatari hizo kwa safari ya Jumapili. Kuzikubali kila asubuhi na jioni kwenye barabara kuu ni jambo jingine.

Hatua ya pili: hesabu ya pesa kabla ya kulipenda gari

Chukua kiasi chote ulichonacho, kisha tenga sehemu ya tano na uihesabu kuwa imekwisha kutumika. Mwenye dola 30,000 atafute gari lisilozidi dola 24,000, kwa kuwa mwaka wa kwanza utadai matairi, hosi, breki na mambo ambayo muuzaji aliyasahau kwa bahati mbaya. Kwa gari la kabla ya 1973 ambalo halina risiti za matengenezo, mimi ningetenga robo nzima.

Matairi ni mfano mzuri wa gharama iliyojificha machoni. Magari haya huendeshwa kidogo, kwa hiyo tairi hubaki na meno mazuri huku mpira wake ukiwa umekakamaa. Ubavuni mwa kila tairi lililotengenezwa tangu 2000 kuna namba nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2314 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo ni la kutupa hata kama linang'aa.

Bima iulizie kabla hujaenda kuliona gari, wala usisubiri hadi umeshalipa. Kwa gari la zamani, tafuta bima ya thamani iliyokubaliwa, ambapo wewe na kampuni mnaandikiana tangu mwanzo kwamba gari likiteketea utalipwa kiasi fulani. Bima ya kawaida hulipa thamani ya soko baada ya kutoa uchakavu, na kwa gari la miaka 50 hesabu hiyo inaweza kuishia pabaya. Bima ya namna hii kwa kawaida huja na masharti: gari lilale gereji, lisitumike kwa safari za kila siku, na dereva awe na gari jingine la matumizi. Kwa magari ya kisasa shida ni wizi na umri wa dereva. Taasisi ya Highway Loss Data Institute, inayochambua madai ya bima za magari, ilitangaza mwaka 2023 kwamba Charger SRT Hellcat ndilo lililoongoza kwa kasi ya madai ya wizi, na bima hupangwa kwa kuangalia takwimu za aina hiyo. Kijana chini ya miaka 25 anayetaka gari kama hilo la nguvu farasi 707 aombe kwanza makadirio ya bima kwa namba ya chesisi ya gari lenyewe; wengi huishia hapo.

Angalia pia sheria ya moshi ya jimbo unaloishi, maana hutofautiana sana. California, kwa mfano, husamehe upimaji wa moshi kwa magari ya petroli ya modeli ya 1975 na ya zamani zaidi, lakini gari la 1976 lililobadilishwa injini kiholela linaweza kukosa usajili humo kabisa.

Hatua ya tatu: karatasi na namba

Muombe muuzaji picha ya hati ya umiliki, pande zote mbili, na picha ya namba ya chesisi ilivyo kwenye gari. Jina lililo kwenye hati liwe la mtu unayezungumza naye. Kama ni la mtu wa tatu, aliyeuza kwa mtu huyu bila usajili kubadilishwa, unaweza kujikuta na gari usiloweza kulisajili. Hakikisha hakuna benki iliyoandikwa kuwa na dai juu ya gari, na kama ipo, malipo yafanyike kwa namna ambayo deni linafutwa kwanza.

Kisha soma alama za hati. Gari lililotangazwa na bima kuwa halifai kutengenezwa hupewa hati yenye alama ya hasara, na likitengenezwa hupewa alama ya kujengwa upya. Baadhi ya watu huhamisha gari kutoka jimbo moja hadi jingine ili alama hiyo ipotee. Ndiyo maana ripoti inayotokana na mfumo wa kitaifa wa NMVTIS, unaokusanya taarifa za hati kutoka majimbo, ni matumizi ya dola chache yenye faida kubwa. Ripoti hizo zinasaidia zaidi kwa magari ya karibuni. Gari la 1969 lililolala ghalani tangu 1985 huenda lisiwe na chochote cha kusomwa.

Kuhusu maili, kumbuka mambo mawili. Geji za zamani zina tarakimu tano tu, hivyo 43,000 inaweza kuwa 143,000 au 243,000. Na kwa sheria ya shirikisho, magari ya modeli ya 2010 na ya nyuma yake hayalazimiki tena kuandikiwa tamko la maili wakati wa kuuzwa, ilhali ya 2011 na kuendelea yanalazimika kwa miaka 20. Muuzaji wa Challenger ya 2009 hana wajibu huo, kwa hiyo tegemea risiti za matengenezo, ambazo huandikwa tarehe na maili.

Kwa magari ya kisasa, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani, uone kama kuna mwito wa kulirudisha gari kwa marekebisho ambao haujafanyiwa kazi. Hili si jambo la kuzembea. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma, iliwekwa kwenye Mustang, Charger na Challenger nyingi, na Novemba 2022 wamiliki wa Dodge Magnum, Charger, Challenger na Chrysler 300 za modeli za 2005 hadi 2010 ambazo hazijarekebishwa waliambiwa waache kuziendesha. Marekebisho ni bure, na muuzaji mwaminifu ataliwahisha gari gereji kabla hajakukabidhi.

Tukija kwa magari ya zamani, mtego mkubwa ni gari la kawaida lililovishwa sura ya gari adimu. Nembo, milia na boneti vinauzwa madukani. Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, inaweza kuwa Chevelle SS katika wikiendi mbili. Si kosa kuwa na gari la namna hiyo, na wengi hulitangaza wazi kuwa ni la heshima kwa lile la asili. Kosa ni kulipia bei ya asili.

Namba za chesisi za kabla ya 1981 hazikuwa na herufi na tarakimu 17 za leo, na kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. GTO za 1966 hadi 1971 huanza na 242, hivyo GTO ya 1967 inayoanza na 237 ni Pontiac LeMans, gari la kawaida zaidi, iliyobadilishwa. Za 1964 na 1965 zilikuwa LeMans zenye nyongeza ya GTO, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Dodge na Plymouth huonyesha injini kwa herufi ya tano, na kwa 1970 na 1971 herufi R ndiyo injini ya V8 iitwayo Hemi, ya inchi za ujazo 426. Kwa Mustang za 1965 hadi 1967, K mahali pa tano ni injini ya 289 yenye nguvu zaidi. Chevrolet ndiyo yenye kuchosha: kwa Chevelle za 1969 na 1970 namba ya chesisi haiwezi kukuthibitishia SS hata uisome mara 10, kwa sababu SS ilikuwa nyongeza na si modeli inayojitegemea.

Hapo ndipo nyaraka zinapokuwa na thamani ya pesa. Kwa Ford za 1967 na kuendelea kuna Marti Report, inayotokana na kumbukumbu za kiwanda chenyewe. Kwa Pontiac kuna kumbukumbu za PHS, yaani Pontiac Historic Services. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani kumbukumbu za aina hiyo kwa sehemu kubwa hazipatikani, kwa hiyo unategemea karatasi ya utengenezaji iliyokuwa ikisahauliwa juu ya tangi la mafuta au chini ya kiti, pamoja na hati za mauzo ya kwanza. Kama hakuna kimojawapo, lipa bei ya Malibu yenye injini nzuri. Bamba la namba nalo litazame kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, ambako limekaa tangu 1968: ribiti zake zisiwe zimeguswa, wala rangi kuzunguka bamba isiwe na mikwaruzo. Bamba lililong'olewa na kurudishwa linatosha kukufanya ukate simu.

Kwa magari ya kisasa mtihani ni mwepesi zaidi. Herufi au tarakimu ya nane ya namba ya chesisi hueleza injini na ya kumi hueleza mwaka wa modeli, hivyo Charger ya V6 iliyobandikwa nembo ya Hemi hujulikana bila kufungua boneti.

Hatua ya nne: bodi

Nenda mchana, kukiwa kukavu, na uvae nguo za kulalia chini. Beba tochi, sumaku dhaifu uliyoifunga kwa kitambaa, kioo kidogo na jeki. Uliza pia gari limeishi wapi. Miaka 20 ya Michigan au Ohio, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, haifanani na miaka 20 ya Arizona. Huko kusini-magharibi jua litakuwa limekausha viti na dashibodi, lakini hivyo hubadilishwa kwa urahisi kuliko sakafu.

Pitisha sumaku sehemu za chini: nyuma ya magurudumu, ncha za chini za milango, mzunguko wa matao ya matairi, na pembe za buti. Ikishika vizuri sehemu ya juu ya bati na kuanguka chini yake, pale pamezibwa kwa kijazio. Kidogo kinasameheka, kipande chenye upana wa kiganja maana yake bati lilikwisha oza. Nunua pia, au azima, kipimo cha unene wa rangi, ambacho kwa magari ya kisasa hufichua ajali iliyofunikwa vizuri.

Nyanyua zulia la sakafu na zulia la buti. Ingiza mkono kwenye mifuko iliyo pembeni mwa buti, baina ya sakafu na bati la nje, maana maji hukaa humo. Kama paa limefunikwa kwa vinaili, bonyeza kwa kidole kuzunguka kioo cha nyuma. Ukisikia pakichanika kama mkate mkavu, chini yake hakuna bati. Kwa Mustang za kwanza, hadi 1968, mwaga maji kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, kisha uchungulie chini ya dashibodi. Matone yakidondokea miguuni, kuna kutu mahali ambapo pa kupafikia ni lazima ukate na uchomelee, na kazi hiyo ni ya siku nyingi. Muuzaji akikataa maji yasimwagwe, umeshapata jibu.

Chini ya gari, tofautisha miundo. Chevelle na GTO zina chesisi kamili, hivyo kagua sehemu zake za nyuma, juu ya ekseli. Camaro ya kwanza ina fremu ya mbele tu iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Dodge na Plymouth hazina chesisi ya kutenganishwa, na springi zao za mbele ni fito ndefu zilizosokotwa ambazo nyuma hushikwa na boriti inayopita chini ya sakafu: ikiwa boriti hiyo imeoza, gari si salama hata kulisukuma. Rangi nyeusi mpya iliyopigwa chini kote, ikiwa bado inanuka, huwa imepigwa kwa sababu. Nikikutana nayo hutumia bisibisi kugonga, kwa ruhusa ya mwenye gari, na kusikiliza: bati zima hulia, bati bovu hunyamaza.

Mwishowe simama mbali hatua 10 na utazame nafasi kati ya mlango na madigadi, kati ya boneti na bodi. Viwanda vya zama hizo havikuwa na usahihi wa leo, kwa hiyo nafasi zisizo sawa kidogo si dalili ya ajali. Mlango unaoshuka ukifunguliwa, au nafasi inayopanuka kutoka juu kwenda chini, ndiyo yenye habari.

Hatua ya tano: injini na mwendo

Mwambie muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Injini iliyopashwa moto kabla huficha mengi. Iwapo ni baridi, iwashwe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu wa sekunde chache na kuisha ni sili za valvu, jambo dogo. Wa bluu usiokoma ni ringi za pistoni. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto huashiria maji kuingia kwenye silinda, na mweusi ni kabureta inayotoa mafuta mengi, ambayo ni kazi ya mchana mmoja.

Muulize mwenye injini ya zamani anatumia oili gani. Kamshafti za miaka hiyo husuguana moja kwa moja na vinyanyua valvu, na zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki, na asiyelijua hilo huenda ameila kamshafti yake taratibu. Uliza pia kama mnyororo wa taimingi umebadilishwa, kwa kuwa injini nyingi za wakati huo zilitoka kiwandani na gia iliyovikwa nailoni, ambayo ikizeeka humeguka na vipande vyake kuziba chujio la pampu ya oili. Hosi za mafuta ziwe mpya, za mpira unaostahimili ethanoli.

Kwa magari ya kisasa, kila injini ina ugonjwa wake. Hemi ya lita 5.7 ikigonga tiki tiki ikiwa baridi na kunyamaza ikipata joto, mara nyingi ni bolti za ekzosi zilizokatika. Sauti ikibaki, huenda ni vinyanyua valvu na kamshafti, na hapo bei ishuke sana au uondoke. Camaro SS ya 2010 hadi 2015 ya giaboksi ya kujibadili ina injini ya L99, inayozima silinda nne kuokoa mafuta, na vinyanyua vya mfumo huo hufa. Ya giaboksi ya mkono ina LS3 isiyo na mfumo huo, nami ningeichagua hiyo. Mustang GT za mwanzo, tangu 2005, zilikuja na plagi za vipande viwili zinazokatikia ndani ya kichwa cha injini wakati wa kufunguliwa, kwa hiyo dai risiti ya kubadilishwa kwake. Za kuanzia 2011 zenye gia za mkono zina giaboksi ya MT82, iliyolalamikiwa sana: jaribu kuingiza gia ya pili ikiwa bado baridi.

Swali la kuuliza kwa kila gari la kisasa ni kama programu ya injini imewahi kubadilishwa. Majibu ya wasiwasi, pamoja na matairi ya nyuma mapya huku ya mbele yakiwa yamechakaa, yanaeleza maisha ambayo gari limeishi.

Liendeshe angalau nusu saa. Pita barabara ya kasi, kisha uliache likiunguruma dakika 20 huku ukitazama geji ya joto. Lizime, subiri dakika 10, uliwashe tena. Gari la kabureta linalokataa kuwaka likiwa la moto litakuaibisha kituo cha mafuta kila wiki. Usukani wa zamani huwa na ulegevu kidogo kabla magurudumu hayajaitika, na hilo ni la asili, lakini gari lisivute upande mmoja breki zikishikwa. Ukisikia mlio wa difu unaobadilika unapoachia mafuta, uandike.

Likishavuka yote hayo, lipelekwe kwa fundi asiyejuana na muuzaji, anayeijua chapa hiyo, alinyanyue na kupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda zote ziwe karibu sawa. Tofauti inayozidi asilimia 15 baina ya ya juu na ya chini ni injini ya kufumuliwa.

Hatua ya sita: uamuzi na malipo

Kabla ya kwenda, uwe umeandika kwenye karatasi bei ya juu kabisa utakayolipa na mambo matatu yatakayokuondoa bila mjadala. Yangu ni hati yenye kasoro, boriti au chesisi iliyooza, na bamba la namba lililoguswa. Kila kasoro nyingine ina bei: ipige hesabu kwa makadirio ya fundi, uitoe kwenye bei anayotaka, na umwonyeshe muuzaji hesabu yenyewe. Gari likisemwa lina mnunuzi mwingine anayekuja jioni, mwache aje.

Malipo yafanyike ndani ya benki, ambako hundi ya benki huthibitishwa papo hapo, na hati isainiwe mbele yako pamoja na hati ya mauzo yenye namba ya chesisi, tarehe na bei. Linganisha namba iliyo kwenye karatasi na iliyo kwenye gari, herufi kwa herufi, kwa mara ya mwisho. Kosa la herufi moja lililoandikwa miaka 30 iliyopita ni kazi ya muuzaji kulirekebisha, na ni rahisi kwake kulishughulikia kabla hajapokea pesa.

Gari lililokaa miezi mingi bila kuendeshwa libebwe kwa trela, hata kama liliwaka vizuri. Likifika, badilisha oili zote, maji ya radieta, mafuta ya breki, hosi za breki na chujio la petroli. Kisha liendeshe maili 50 karibu na nyumbani, kagua chini kama kuna kinachovuja, na ukaze upya bolti za magurudumu.